Kwa Nini Joto Halirudi Lilikotoka

Wajukuu zangu, kuota moto ni jambo la juzi tu. Zamani, kabla watu hawajajua kujifunika, kila kitu kilikaa na joto lake. Jua lilikuwa na lake, jiwe na lake, mtu na lake, wala hakuna kilichokipa kingine. Wazee wetu wa milima ya Upare walilala nje katika ukungu wa kilele cha Shengena bila nguo, na hawakujua kutetemeka.

Basi Nakiete, mke wa Mrindoko, akajifungua mtoto wa kike. Mtoto huyo alizaliwa na joto dogo mno. Alikuwa baridi kama jani la mgomba alfajiri, pumzi yake ikija na kupotea. Nakiete akamkumbatia kifuani mchana kutwa. Haikusaidia, joto la mama lilibaki kwa mama.

Akamlilia Muumba, "Lifungulie joto langu limwendee mwanangu."

Muumba akamjibu, "Likifunguliwa, halitafunguliwa kwako peke yako. Kila chenye joto kitakigawia kisicho nalo, hata ukungu, hata mawe. Na likishatawanyika halitajikusanya lenyewe. Nenda kwanza ukawaulize wenzako."

Nakiete akawaita wanakijiji, akawaeleza. Jambo lilikuwa zito. Mrindoko mwenyewe aliinamisha kichwa. Ndipo mama yake Mrindoko, kikongwe asiyependa maneno mengi, akasema, "Mkwe wangu, nimezeeka na joto langu lote, na halijamfaa mtu ila mimi. Lifunguliwe." Wengine wakaitikia, mmoja baada ya mwingine.

Muumba akalifungua, na jioni ile upepo wa mlimani ukawapata. Meno yakagongana. Kwa kutojua la kufanya, watu wakasogeleana, wakabanana bega kwa bega kumzunguka mzazi. Katikati yao mtoto akachangamka, akatafuta titi, akanyonya. Mrindoko akacheka huku akitetemeka.

"Kumbe baridi ndiyo hii," akasema. "Si mbaya, tukiwa wengi."

Kulipokucha wakaanza kazi isiyokwisha: kutafuta cha kuota, cha kuvaa, na cha kula ili mwili upate joto jingine.

Na tangu siku hiyo joto hutoka kwenye moto likaenda kwenye baridi, wala halirudi lenyewe. Uji ukisahaulika hupoa, na hakuna aliyewahi kuuona uji uliopoa ukichemka bila moto. Hapa kwetu hatulalamiki. Mwanamke akijifungua, majirani hufika na mizigo ya kuni kabla hata ya kuuliza jina la mtoto.