Makochi ya Bwana Novatus

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Shuleni walimu husema "maungo" kwa ajili ya adabu, lakini waliotunga methali hii hawakuwa wakiandika mtihani; walikuwa wamemwona mtu akiaibika. Maana yake haina mzunguko. Ukijifunika kitu cha mwenzio, siku upepo utakapokifunua utaonekana uchi kuliko yule aliyekuja na kaniki yake iliyochanika. Mzee Shigela wa Bariadi aliyajua maneno hayo tangu utoto, lakini aliyajua kwa masikio tu, mpaka siku wakwe kutoka Nyashimo walipoingia sebuleni mwake.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu wakubwa watangaze kwamba soko la pamba sasa ni huria. Hawakusema huria ya nani. Chama cha ushirika ambacho Shigela alikiuzia pamba tangu ujana wake kilikuwa kimekufa kama ng'ombe wa kiangazi, kikabaki pembe na kwato, na waliokuwa wakikichunga ndio walionenepa. Hospitali nayo ilikuwa na dirisha la dawa, lakini dawa hazikuwamo. Mkewe, Mektilda, alilazwa wiki tatu, kila asubuhi akiandikiwa kikaratasi cha kwenda kununua nje. Shigela akauza viti, kisha meza, kisha kabati la vyombo, mwisho redio. Mektilda akafa hivyohivyo. Nyumba ikabaki tupu, ukikohoa inakujibu kama mtungi.

Tangu hapo mzee alikuwa na wimbo mmoja. Mvua ikichelewa, ni wakubwa. Mbuzi akivunjika mguu, ni wakubwa. Watu walimcheka, lakini tuseme kweli: mara nyingi hakuwa amekosea sana.

Alibakiwa na binti mmoja, Nyanjige, msichana mrefu, mpole wa maneno na mwepesi wa mikono. Nyanjige alikuwa amependana na Joakim, fundi baiskeli wa Nyashimo, na barua ya posa ilikuwa imekwisha kufika: wazee wangekuja baada ya mavuno, siku ya Jumamosi. Kabla ya kukata roho, Mektilda alikuwa amemshika mumewe mkono akamwomba jambo moja tu. Mtoto asitoroshwe kama walivyotoroshwa wengine. Atoke kwa mlango, wakwe wakiwa wamekaa na kunywa maji chini ya paa la baba yake. Shigela aliitikia. Sasa siku ilikuwa inakuja, na hapakuwa na pa kukalisha hata mkwe mmoja.

Nyanjige hakulia wala hakunung'unika. Alianza kwenda mnadani. Siku hizo mitumba ilikuwa imeingia kwa wingi, ikimwagwa juu ya maturubai karibu na zizi la ng'ombe wa kuuzwa, na watu wakiinama juu yake kama kuku juu ya pumba. Wenzake walichagua magauni. Yeye alisubiri jua liinamie magharibi, wauzaji wakianza kufunga mizigo na kukata tamaa, ndipo akachagua vile visivyotakiwa na mtu: pazia zito la rangi ya chungwa lililoungua pembeni, masweta yaliyotoboka viwiko, kioo chenye ufa, fremu ya picha isiyokuwa na picha. Kwa seremala mmoja aliyekuwa akihama alipata viti vinne visivyo na makalio, miti mitupu, kwa bei ya kuni.

Masweta aliyafumua, akazungusha nyuzi kuwa madonge, akafuma vitambaa vyenye maua ya bluu na njano. Viti alivisuka kwa kamba za ngozi. Pazia alikata sehemu iliyoungua, nusu akaitundika dirishani, nusu akaishona mito ya kukalia. Ya kujazia mito ilikuwapo nyumbani. Wanunuzi wapya walikuwa wamechukua pamba safi na kuikataa fifi, ile ya manjano iliyoliwa na wadudu, wakaitupia miguuni mwa Shigela mbele ya watu. Gunia zima lilikuwa limelala ghalani. Lakini pamba ile ilikuwa bado na mbegu zake, na mto wa mbegu humchoma mkaaji, tena panya huupenda kuliko mwenye nyumba. Basi Nyanjige alikaa kivulini alasiri hadi alasiri, akizitoa mbegu kwa vidole, moja baada ya nyingine, kama mama yake alivyomfundisha alipokuwa mgonjwa hawezi kazi nyingine.

Siku alipopanga vitu vyote sebuleni, kuta zikiwa zimepakwa udongo mweupe na picha ya Mektilda ikiwa ndani ya fremu, alimwita baba yake aje kuona. Shigela alisimama mlangoni. Macho yake yalipita juu ya picha haraka, kama mtu anayevuka makaa, yakatua kwenye pazia.

"Hii ni kafa Ulaya," alisema.

"Ndiyo, baba. Lakini nimeifua mara tatu, na kuianika juani."

"Nyumba ya marehemu niipambe kwa nguo za marehemu? Na mito ya fifi! Wamenikatalia fifi kwenye kituo cha pamba, sasa wewe unataka nimkalishie mkwe aibu yangu?"

Nyanjige alimweleza kwamba hakuna atakayejua kilichomo ndani ya mto. Mzee akamjibu kwamba yeye mwenyewe atajua, na kwamba watu wa Nyashimo wanakaa kando ya barabara ya Mwanza, macho yao yamezoea vitu vya dukani. Wakubwa walikuwa wamemfanya maskini, alisema, lakini hawatamfanya achekwe. Jioni ile alivibeba viti mwenyewe, kimoja kimoja, akavirundika ghalani. Pazia lilibaki dirishani, kwa sababu hakuufikia msumari.

Kesho yake Shigela alifanya jambo ambalo mwaka mmoja kabla angemtemea mate mtu yeyote aliyelitaja. Alikwenda kwa Bwana Novatus. Huyu ndiye aliyekuwa katibu wa chama kile kilichokufa, na sasa alikuwa wakala wa kununua pamba, mwenye nyumba ya bati na seti ya makochi mekundu ya mahameli, laini kama shavu la mtoto. Shigela, aliyemtukana mtu huyo kwenye kila pombe, alimwamkia "Mwangaluka" kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa. Novatus alikubali upesi mno. Alitoa sharti moja, kwamba makochi yasigeuzwe wala kuvutwa kutoka ukutani, maana miguu yake ni dhaifu. Yakaletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, yamefunikwa turubai kama maiti.

"Baba," alisema Nyanjige alipoyaona, "si ya yule unayesema alitula?"

"Kochi halina dhambi, ng'wanone, mwanangu. Kaa kimya."

Jumamosi wakwe walifika. Walikuwa wawili: Mzee Sayi, baba mkubwa wa Joakim, mtu mkavu aliyesema kidogo na kuvuta ugoro sana, na Shangazi Generoza, mwanamke mnene mwenye jicho la kunguru. Walikaa kwenye makochi mekundu, wakazama ndani yake. Shigela alijisikia kama mtu aliyepewa tena miaka yake. Akauliza habari za ng'ombe, za mvua, za njiani. Maji yakaletwa, yakanywewa. Mzee Sayi alianza kugusia idadi ya ng'ombe, na kila alipotaja, ilikuwa idadi ya heshima. Ahadi kwa Mektilda ilikuwa imebakiza hatua moja kutimia.

Hapo Mzee Sayi alitoa kikopo chake cha ugoro. Mahameli ni kitu cha kuteleza. Kikopo kilimponyoka, kikabiringika chini ya kochi, na Shigela kabla hajamwita binti aje kukiokota, mzee wa watu alikwisha kupiga magoti, akalisogeza kochi mbele na kuingiza kichwa chini yake. Alikaa huko muda mrefu kuliko kikopo kilivyohitaji. Alipoinuka, alikuwa na kikopo mkononi, lakini hakukifungua.

"Shigela," alisema taratibu, "wewe kwenye chama ulikuwa nani?"

"Mwanachama tu, mzee mwenzangu. Kama watu wote."

"Mwanachama hakalii kiti hiki. Chini hapa pameandikwa kwa rangi nyeupe: Mali ya Chama. Hata kwetu viliandikwa hivyohivyo, nami nilikuwa kwenye kamati. Chama kilipokufa, viti vilikwenda na waliokiua. Wakulima hatukupata hata stuli."

Kwa kiburi cha mwisho alichokuwa nacho, Shigela akasema kwamba aliyanunua Mwanza, dukani. Uongo ule ulitoka mdomoni mwake ukiwa umekwisha kufa. Shangazi Generoza aliokota mkoba wake. Kwa sauti ya chini alimwambia nduguye kwamba lori la kurudi Nyashimo halijaondoka bado. Wasioe kwenye nyumba ya waliowala.

Nyanjige alikuwa mlangoni na sinia ya karanga. Shigela alimwona. Akaona pia, nyuma yake ukutani, picha ya Mektilda ndani ya fremu ya mnadani, ikimtazama. Mtu aliyekuwa amewalaumu wakubwa kwa kila kitu sasa hakuwa na mkubwa wa kumlaumu humu ndani. Ni yeye aliyekwenda kuomba. Ni yeye aliyefungua mlango.

"Nimeazima," alisema. "Kaeni, tafadhali. Nimedanganya. Makochi haya nimeazima kwa huyohuyo aliyekula chama chetu. Sikujua kilichoandikwa chini, lakini nilimjua mwenyewe, na nilikwenda. Viti vyangu nilivimalizia hospitalini. Niliona haya mtukute chini."

Mzee Sayi alimkazia macho kama anayepima uzito wa robota la pamba.

"Sasa mtu asiye na kiti," aliuliza, "wageni alitaka kuwakalisha wapi?"

"Viti vipo," alisema Nyanjige.

Aliweka sinia chini, akatoka. Baba yake akamfuata, na kwa mara ya pili alivibeba viti vile, safari hii akivitoa ghalani. Makochi mekundu yaliburutwa nje uani, ambako kuku walianza kuyakagua. Viti vinne vya ngozi, pamoja na mito na vitambaa vyake vya nyuzi za sweta, vikapangwa chini ya pazia la chungwa, na jua lilipopenya pazia lile, sebule nzima ikawa na rangi ya papai bivu.

Shangazi Generoza hakuketi mara moja. Aliuchukua mto, akaubonyeza kwa kidole gumba, akasogea kidogo, akabonyeza tena, pembe kwa pembe, kama daktari anayetafuta uvimbe. Alikuwa mkulima wa pamba tangu kuzaliwa; alijua anachokitafuta. Akachukua wa pili. Akachukua wa tatu.

"Hii ni fifi," alisema mwishowe.

Shigela alifumba macho.

"Ndiyo, shangazi," alijibu Nyanjige.

"Mashine ya kuchambulia mnayo?"

"Hatuna."

"Mbona hakuna mbegu? Nimetafuta hata moja ya kukusema."

"Nilizitoa kwa vidole, kama mama alivyonifundisha."

"Mito yote minne? Na mbegu ulizitupa wapi?"

"Wamekula ng'ombe wa jirani, shangazi."

Shangazi Generoza alimgeukia Mzee Sayi. Uso wake mpana ulikuwa umefunguka. "Umesikia, kaka? Mito ya fifi, mbegu kwa ng'ombe, sweta la Mzungu limekuwa kitambaa. Huyu hata kwato za ng'ombe angezipatia kazi. Kwetu kuna wake watatu hawawezi kutoa mbegu ya chungwa."

Akaketi, kwa uzito wake wote. Kiti kililia kidogo, kikastahimili. Mzee Sayi naye akaketi, akafungua kikopo chake kwa mara ya kwanza tangu kianguke, akavuta ugoro, akapiga chafya iliyowashtua kuku. Kisha akasema kwamba ile idadi ya ng'ombe aliyoitaja kwenye kochi la chama aliitaja kwa mashaka, maana alikuwa akijiuliza mkulima gani anakaa hivi. Sasa anaongeza mmoja, mtamba ambaye hajazaa bado, kwa ajili ya mama aliyemfundisha mtoto huyu kuchambua.

Shigela alivuta kiti cha nne, kile ambacho hakuwahi kukikalia, akaketi. Kilikuwa laini. Hakikumchoma popote. Akapumua pumzi ambayo labda aliishikilia tangu ile siku ya dirisha la dawa, na kwa saa nzima iliyofuata hakuna aliyemsikia akiwataja wakubwa.

Jumatatu mkokoteni uliyarudisha makochi kwa mwenyewe, safari hii bila turubai, yakiwa yamegeuzwa miguu juu, na herufi nyeupe zikisomwa na kila aliyekutana nayo njiani. Novatus aliyapokea bila kumtazama mtu machoni. Na Nyanjige, baada ya mwezi, alitoka kwa baba yake kwa mlango, mchana, akiimbiwa.

Basi wewe mwenye haya ya umaskini wako, kalia kiti chako, hata kama ni cha fifi. Kwa maana Shigela alijifunika mahameli ya mwizi, nusura avuliwe ukwe: nguo ya kuazima haisitiri matako.