Msamba Umepona

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, ilisikika sauti usiku: puu! halafu makofi. Puu! halafu makofi.

Ilikuwa Ramadhani, pale Ngamiani, Tanga, na kikundi cha sarakasi cha Vishada kilikuwa kikifanya mazoezi baada ya tarawehe, maana mchana wa saumu nani ana nguvu za kuruka? Kila puu ilikuwa miguu inatua kwenye godoro. Na makofi yote yalikuwa ya kumpigia mtu mmoja, Riziki, kwa sababu sauti ya Mwalimu Kingwande ilikuwa inavuka ukuta: "Mmeuona msamba huo? Huyo ndiye atakayetuongoza Idi!"

Zaituna alikuwa ndani, upande wa pili wa ukuta huo, yumo kwenye arobaini ya uzazi, mtoto yuko kwenye ziwa, mshono unamuuma, na hasira tele. Msamba wa hewani ulikuwa wake! Yeye ndiye aliyekuwa akikimbia, akapaa, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, watu wakasahau kupumua, kisha uwanja ukalipuka. Alivyonyoosha nyonga zile, alivyolia kwa maumivu mazoezini, na sasa ati Riziki. Riziki akiongoza Idi, nani atamkumbuka yeye? Hofu hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi, wala si mtoto.

Arobaini ikaisha. Hemedi, mumewe, akampeleka zahanati. Nesi alikuwa mgeni, anaitwa Nakunda, ndiyo kwanza kahamishiwa pale. Akampima Zaituna, akamwacha ndani anavaa, akatoka mlangoni huku anavua glavu. Benchi limejaa watu.

"Vipi, Sista?" Hemedi akauliza.

"Msamba umepona vizuri. Hongera."

"Anaweza kurudi kazini?"

"Anaweza. Anayefuata!"

Sasa nyie mnaosikiliza, msamba ni nini? Kwa nesi, msamba ni pale mahali mzazi anapochanika na kushonwa. Kwa mtu wa sarakasi, msamba ni kufungua miguu mpaka mapaja yalale sakafuni. Neno ni lilelile, mdomo ndio unaobadilika. Hemedi akalibeba kama alivyopewa, akampigia Mwalimu simu: "Nesi kasema msamba umepona vizuri. Anaweza kurudi kazini." Mwalimu akacheka kwa furaha: "Mlete!"

Zaituna akaenda. Hakuuliza mara mbili. Kama nesi kasema, kasema.

Utaratibu wa Mwalimu Kingwande uwanja mzima unaujua. Kwanza mbio, mpaka jasho litoke. Kisha goti chini, nyonga inasukumwa mbele polepole, pumzi inatoka, inasukumwa tena. Kisha msamba wa chini. Ukishalala vizuri, ndipo kisigino kinapandishwa juu ya tofali. Ndipo unaruka. Hakuna anayeruka msamba ambao hajaupata chini, na kuupata chini ni kazi ya miezi.

Zaituna akashuka. Akalala palepale, pwa, bila kuvutwa, bila kukunja uso. Hajawahi kushuka hivyo tangu azaliwe.

"Shoga, umezaa au umechemshwa?" Riziki akapayuka. "Umelainika kama tambi za futari!"

Wakacheka wote. Mwalimu akasahau goti, akasahau polepole. "Tofali!" Likaja tofali. "Jingine!" Likaja jingine.

Juu ya tofali lile la pili, kitu kikamchoma Zaituna ndani ya nyonga kama sindano ya moto.

"Vipi, mama mtoto?" Mwalimu akauliza.

Zaituna akamtazama Riziki. Mshipi wa kiongozi ulikuwa kiunoni mwake.

"Safi," akasema.

Akakimbia. Akapaa. Miguu ikafunguka, wallahi ikafunguka kuliko zamani. Akatua, na nyonga haikumpokea.

Hospitali wakasema msuli umechanika vibaya. Asisimame, asibebe mtoto, na habari ya kuruka, daktari akasema tutaona, tena akasema huku anatazama dirishani.

Vishada wana sheria yao. Atakayesababisha mwenzake aumie, huyo ndiye mguu wake. Atamchotea maji, atampikia, atamfulia nepi, atambebea mtoto, na yeye mwenyewe hafanyi kazi nyingine mpaka mwenzake atembee. Hata akiwa mtu wa nje, huitwa, na akiwa muungwana huja. Basi siku ya pili nesi naye akaja nyumbani kwa Zaituna, bado na gauni la kazi, akawakuta Mwalimu na Hemedi.

"Nataka mguu wangu!" Zaituna akapiga kelele kitandani. "Nani kati yenu?"

"Mimi nililetewa habari kwamba uko sawa," akasema Mwalimu Kingwande. "Nikatae maneno ya nesi? Mimi daktari?"

"Macho unayo, Mwalimu! Mtu katoka arobaini, hajanyoosha hata kidole, analala chini mara moja, halafu unaita tofali?"

"Nilifurahi."

"Ulifurahi! Nilee mtoto kwa furaha yako?"

Nesi Nakunda akaingia kati. "Mwalimu, kulegea siyo kunyumbuka. Anayenyumbuka, msuli wake unafunguka na bado unashika. Mzazi viungo vyake vililegezwa ili mtoto apite, na havikazi kwa sababu arobaini imekwisha. Ulikuwa unasukuma mlango usio na bawaba."

"Kumbe ulijua!" Mwalimu akamjia juu. "Mbona uliulizwa kazi ukajibu anaweza? Kazi gani? Uliuliza?"

"Benchi zima linanisubiri! Mimi nilimaanisha mshono, baba, mshono! Nilidhani mama wa watu anauza duka. Nani aliniambia anaruka?"

Wote wakamgeukia Hemedi.

Hemedi akatazama vidole vyake vya miguu. "Ningesema nini? Pale mbele ya wanaume wote wale, niseme mke wangu kazi yake ni kupanua miguu hewani?"

Zaituna akajiinua kwa viwiko, maumivu yakamrudisha chini, akasema akiwa amelala vilevile: "Ulinioa naruka, Hemedi. Ulikaa mstari wa mbele ukapiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Leo nimekuwa aibu?"

"Sikuongeza neno, Zaituna. Sikupunguza neno."

"Ndiyo maana nimelala hapa!"

Mwalimu akakohoa. "Na wewe je, mama mtoto? Pale juu ya tofali nilikuuliza."

"Nilikwambia safi."

"Ilikuwa safi?"

Zaituna akageuza uso ukutani. "Ilikuwa safi," akasema, na mkono wake chini ya shuka ukaishika nyonga.

Hapohapo mtoto akaamka, akaanza kulia. Watu watatu wakanyoosha mikono, watatu wakasita, maana atakayembeba kwanza ndiye aliyekiri. Mtoto analia, maziwa yanamtoka mama kifuani, na hakuna anayesogea.

Haya. Nesi alilisema neno, asiulize linakwenda wapi. Mume alilibeba neno, akaificha kazi ya mkewe kwa kuona haya. Mwalimu aliuona mwili ukifanya miujiza, akauacha utaratibu wake mwenyewe. Na mama aliisikia ile sindano ya moto, akasema safi, kwa kuogopa mshipi kubaki kwa mwingine.

Mtoto bado analia. Je, nani alistahili kuwa mguu wa Zaituna? Nijibuni. Na kama jibu lenu ni kwamba alijiangusha mwenyewe, basi njooni karibu mniambie sikioni, mniambie pia nani amnyanyue huyu mtoto, nami naahidi sitamwambia mtu mwingine.