Mti Uliotundikwa Mzinga

Haya wapendwa, acheni kunong'onezana, niwape la kunong'onezana mkifika nyumbani.

Palikuwa na mnunuzi wa halmashauri, yule anayeamua shule zinunue nini na kwa nani. Mtu safi, hata soda ya mfanyabiashara hanywi. Ila chemchemi ya mtaani kwao ikaanza kukauka, mkewe akawa anarudi na ndoo nusu, mdomo umejaa maneno.

"Mlimani kuna mtu anakata miti, nawe bwana mkubwa umekaa tu!"

Udadisi ukamshika. Nani huyo? Maana mlima ule ulikuwa na mwiko wake: mti uliotundikwa mzinga wa nyuki hauguswi. Hata mwizi aliupita mbali.

Asubuhi akapanda akiufuata mlio wa shoka. Akamkuta nani? Shangazi yake! Yule yule aliyekuwa akizipelekea shule asali ya kutia kwenye uji. Kanga kaikaza kiunoni, nyuma yake tanuri la mkaa linafuka.

"Shikamoo shangazi. Kumbe ni wewe?"

"Marahaba. Ulitaka awe nani, fisi?"

"Na mizinga?"

"Nimeishusha. Shule siku hizi zinatia sukari ya kutoka mbali, asali yangu nimuuzie nani? Mti usio na mzinga ni kuni, baba."

Sukari ile aliichagua mnunuzi mwenyewe, kwa kuwa ilikuwa rahisi kidogo. Lakini hakukubali kwamba kosa ni lake.

"Mbaya ni huyo anayenunua mkaa. Nitajie jina lake, leo atanitambua!"

Shangazi akacheka mpaka kanga ikalegea. "Jina lake nalijua, nilimpa mwenyewe siku aliyozaliwa. Mkaa huu unakwenda wapi kama si kwenye majiko ya shule zako?"

Mnunuzi akateremka. Penye chemchemi akainama anywe, akainuka na mchanga kiganjani.

Mnamcheka? Chekeni, lakini sisi je? Tukikaa kamati ya shule au ya zahanati, swali letu ni moja: bei gani? Nani kati yetu huuliza kitu kimetoka mlima gani, na kimemwachia nani shoka mkononi? Fedha ya wote ni mzinga, wapendwa: tukiutundika kwetu, mti unasimama. Basi kabla hujainua mkono kukubali kilicho rahisi, ukunjue kwanza utazame kiganjani. Ni maji hayo, au mchanga?