Kifaru na Bingwa Aliyemkwepa

Paukwa!

(Pakawa!)

Pakawa uwanja wenye bingwa mmoja, na nje yake wenye hamu wengi. Mko macho?

(Tuko macho!)

Basi sogeeni. Mwenye kukohoa akohoe sasa.

Hapo zamani za kale, zamani sana, wanyama walikuwa wakipigana ngumi. Wepesi kwa wepesi, wazito kwa wazito. Wewe huko nyuma, usiniulize kifaru anakunjaje ngumi. Mimi nilihadithiwa, nami nawahadithia.

Bingwa wa wazito alikuwa Nyati. Kiunoni alivaa mkanda wa ngozi ya chatu, na kila alipopita wanyama walimwamkia, "Shikamoo, Bingwa." Sheria ya mkanda ilikuwa moja tu: hauombwi wala haurithiwi. Ukiutaka, mpige mwenye nao.

Ng'ambo ya mto aliishi Kifaru. Hakuwa mwingi wa maneno. Kila alfajiri aligonga kisiki cha mgunga mpaka king'oke, kisha akatafuta kisiki kingine. Hakutamani sifa, hakutamani kuamkiwa. Alitamani kusimama na Nyati uso kwa uso, siku moja tu. Hamu hiyo alilala nayo na kuamka nayo, na alipokuwa peke yake aliimba:

*Nyati ee, nipishe uwanjani,*
*Tujue nani ni nani.*
*Kama ni wewe, ni wewe,*
*Kama ni mimi, ni mimi.*

Sasa, ili upigane na Bingwa ilikubidi umpitie Mbweha, mpangaji wa mapambano. Na Mbweha alikula mezani kwa Nyati. Nyati akianguka, meza nayo inaanguka.

Kifaru akavuka mto. "Hodi!"

"Karibu, ndugu yangu, karibu," akasema Mbweha. "Za ng'ambo?"

"Nzuri. Nimekuja kuomba pambano na Bingwa."

"Bingwa yuko tayari hata leo! Ila wewe, ndugu yangu, nani anakujua? Mpige Kiboko kwanza, jina lako lisikike."

Kifaru akampiga Kiboko. Walianza jua likichomoza, na lilipofika utosini, Kiboko alianguka, pu! Vumbi likatimka mpaka ng'ambo.

Nyati alikuwa amejificha kwenye matete, akitazama. Kiboko huyo huyo aliwahi kumtoa jasho yeye mwenyewe siku nzima. Akamvuta Mbweha aliyekuwa kando yake. "Mbweha," akanong'ona, "yule simtaki."

"Nimwambieje, Bingwa?"

"Mwambie lolote."

Mwaka ule Nyati akapigana na Nyumbu. Nyumbu alianguka kabla hajaguswa, na wanyama wote wakapiga vigelegele.

Kifaru akavuka mto mara ya pili. "Hodi! Kiboko nimempiga."

"Tumeona, tumefurahi!" akasema Mbweha. "Lakini Bingwa ameumia kwato, maskini. Ngoja mvua zipite."

"Mgonjwa hapigwi," akasema Kifaru, akarudi kwake. Moyo wake ulikuwa mweupe, aliamini.

Mvua zikapita. Siku moja akasikia vigelegele kutoka uwanjani. Akamuuliza Korongo aliyekuwa akiruka, "Kuna nini huko?"

"Bingwa anapigana na Punda."

Punda, jamani! Punda wa kubeba mizigo! Kifaru alisimama ukingoni mwa mto, akasikiliza vigelegele mpaka vikaisha. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. Akaimba:

*Nyati ee, nipishe uwanjani,*
*Tujue nani ni nani.*

Mara ya tatu hakuvuka yeye. Safari hii alivuka Mbweha, maana mto ulikuwa mkavu. Ulikuwa mwaka wa kiangazi kikali. Mtoto wa Kifaru alikuwa akilamba matope.

"Bwana Kifaru," akasema Mbweha, "mwaka huu zamu ni yako, hakuna ubishi. Ila Pofu, yule mwenye pembe za kusokotwa, naye anaililia zamu hiyo. Mpishe mara hii moja tu. Nasi tutakupa dimbwi la Bingwa, lile lisilokauka, unywe wewe na wanao."

Kifaru akamtazama mtoto wake. Akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa akimpangusa mtoto matope mdomoni.

"Nimepisha," akasema Kifaru.

Wakanywa, mtoto akapona. Mkewe akamwambia, "Baba watoto, umefanya la mzazi."

"Najua, mke wangu. Mbona basi moyo unaniuma?"

Mwaka uliofuata akaenda kudai zamu yake. Mbweha akakuna sikio. "Zamu ipi tena, ndugu yangu? Aliyepisha ametoka kwenye mstari. Anza nyuma."

Akaanza nyuma. Akampiga huyu, akampiga yule. Kila akikaribia mbele, mstari ulirefushwa. Ikapita misimu tisa. Visiki vya mgunga viliisha ng'ambo yote, lakini hamu haikuisha.

Mwishowe wanyama wenyewe wakachoka. Siku Nyati alipotangazwa kupigana na Mbuzi, hakuja hata mmoja. Mbweha akapiga ngoma, akapiga, uwanja ukabaki mtupu. Walisema, "Hatuji mpaka aje Kifaru." Meza ya Mbweha ikaanza kukauka, na njaa haina adabu. Akaenda mbio ng'ambo, akapiga magoti. "Bwana Kifaru, njoo! Njoo hata kesho!"

Kifaru hakulala. Alipambazukiwa amesimama.

Akaingia uwanjani. Wanyama walijaa hadi juu ya miti. Nyati naye akaingia, na Kifaru alipomwona, alisita. Uzee ulikuwa umemla, mbavu zinahesabika. Jicho moja lilikuwa na ukungu. Mkanda wa chatu ulimlegea kiunoni, akawa anaushikilia kwa mkono.

Ngoma ikalia. Kifaru akarusha ngumi moja, wala si ya nguvu zote. Nyati akaketi chini.

Vigelegele! Wakamfunga Kifaru mkanda. Lakini Kifaru alikuwa amepiga magoti mbele ya Nyati.

"Simama," akamsihi. "Simama, bwana."

"Siwezi."

"Niliyemtaka si wewe. Nilimtaka Nyati wa mwaka ule wa Kiboko. Yuko wapi?"

Nyati akalia mbele ya wote. "Hata mimi namtafuta, ndugu yangu. Nilimpiga Nyumbu, nikampiga Punda, nikaamkiwa Bingwa. Lakini kila nikikusikia ukiimba ng'ambo, nilijiuliza: ningemweza? Sikujua. Sasa sitajua mpaka nife."

"Wala mimi," akasema Kifaru.

Wakakaa hapo wawili, katikati ya uwanja, na vigelegele vikapungua kimoja kimoja, maana hakukuwa na wa kuvipokea.

Mbweha akanyemelea, akamnong'oneza Kifaru sikioni. "Shikamoo, Bingwa. Sasa pumzika. Nina Nyumbu mmoja mzuri wa kuanzia."

Kifaru akainuka. "Ni nani mkali kuliko wote huko nje?"

"Tembo dume wa kilimani. Lakini huyo, Bingwa, huyo ni hatari! Huyo anaweza kuku—"

"Mwite," akasema Kifaru. "Aje keshokutwa, ningali na nguvu zangu."

Basi wanangu, sikieni. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Anayemkwepa mshindani wake amekwepa kujijua mwenyewe. Na wewe uliye na zamu yako, ukiipisha, hata kwa sababu njema, usidhani itakungoja mlangoni. Tena ukipewa ubingwa, usimfanyie mwenzako ulilolililia.

Hadithi yangu imechoka, imeketi. Aliyesinzia amuulize jirani, na jirani akiwa amesinzia pia, mlale salama.