Bakuli la Tupo

Mkulima mmoja wa vitunguu, Margwe, alikuwa na mbwa aliyeitwa Tupo. Mbwa huyo ndiye aliyelinda marundo ya vitunguu vilivyovunwa, na mwizi hakuthubutu kuyasogelea. Margwe alimpenda. Wengine huwatupia mbwa wao ukoko. Yeye alimtengea Tupo bakuli lake, ugali na mchuzi uleule alioula yeye.

Kwa watu wa bonde alikoishi, kitunguu si kiungo tu. Mwenye kikohozi hukitafuna kibichi, na aliyedhoofika huambiwa kitamrudishia damu. Margwe mwenyewe aliwahi kuugua hadi akawa wa kubebwa. Mama yake alimlisha vitunguu kwa mkono wake, akainuka. Hakuusahau wema ule.

Basi Tupo alipoanza kuzubaa, Margwe alijua la kufanya. Alikaanga vitunguu, akavimwaga juu ya ugali. Mbwa akala ugali. Vitunguu akavisogeza kando kwa pua. Kesho yake Margwe akavikatakata vidogo, akavichanganya vizuri, ili asiweze kuvichagua.

"Margwe!" jirani alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya mfereji. "Na mimi nikiota mkia, utanikaangia?"

Margwe alicheka. Lakini kadiri mbwa alivyodhoofika, ndivyo alivyozidisha vitunguu. Fizi za Tupo zikapauka. Mkojo wake ukawa mwekundu kama chai ya rangi. Mwisho hakuweza kusimama. Hata hivyo, kila bakuli lilipowekwa alijikokota akala, huku akimtazama bwana wake usoni.

Basilisa, mkewe Margwe, aliyaona macho yale. Yeye ndiye aliyekuwa akiliosha bakuli, na alikumbuka kilichobaki ndani yake siku ya kwanza. Margwe alipokuja tena na kikaango, Basilisa aliweka kiganja juu ya bakuli.

"Baba Theo, huyu hali vitunguu kwa kuwa vinamfaa. Anakula kwa kuwa ni wewe unayempa."

Margwe alisimama pale, mafuta yakichemka kikaangoni. Alitaka kumweleza habari za mama yake. Badala yake alivimwaga vitunguu jivuni, akaenda kwa bwana mifugo, akaulizia jambo ambalo hakuwahi kuliuliza. Akaambiwa kwamba kitunguu, kibichi au cha kupikwa, huharibu damu ya mbwa.

Tangu siku hiyo Tupo alipewa ugali mtupu na dagaa wasiotiwa chumvi, na mara mojamoja kipande cha karoti, ambacho alikitafuna kwa kelele. Alipona polepole. Margwe hakuacha kumpenda, ila alijifunza kuchuchumaa karibu na bakuli baada ya mbwa kushiba na kutazama kilichobaki.

Nawe unayemlisha mwenzako kile kilichokuponya wewe, umewahi kutazama anachokisogeza kando?