Shemasi Aliyelamba Kidole

Waliotutangulia katika imani wametusimulia kwamba huko milimani Uhabeshi palikuwa na shemasi, jina lake Habtemariamu, aliyeoka mkate wa Meza ya Bwana. Chumba cha kuokea, nyuma ya kanisa, waumini wa huko hukiita Bethlehemu, na anayeingia humo sharti awe amefunga, hata tone la maji lisipite kooni. Kazi hiyo aliipenda kuliko roho yake. Lakini alikuwa amekwisha kuonywa kwa uzembe, na wazee walimwambia wazi kwamba akikosea tena hataingia humo maisha.

Alfajiri ya Pasaka, akikanda unga, kipande kiling'ang'ania kidoleni. Akakilamba, kama alivyozoea utotoni jikoni kwa mama yake. Mazoea yana taabu! Alipotambua alilofanya, aligeuka kutazama mlango. Akaoka hivyo hivyo, na mikate ikatoka mizuri ajabu. Nje umati ulikuwa umejaa, wamefunga, wengine wametoka mbali na watoto mgongoni. Nafsi ikamnong'oneza: nani kaona?

Akaenda kwa kasisi, Aba Sinoda.

"Aba, mikate hii haifai. Nimelamba unga nikikanda."

"Yuko aliyekuona?"

"Hakuna, Aba."

"Na hukumu yako unaijua?"

"Naijua. Lakini siwezi kuwasimamisha watu wa Mungu juu ya uongo wangu."

Kasisi akainama kwa huzuni. "Basi kawaambie mwenyewe, mwanangu."

Akawaambia. Mtu mmoja akafoka, "Njaa yote hii kwa ajili ya ulimi wako!" Habtemariamu hakujitetea, wala hakukimbia. Shemasi mwingine akakanda unga upya, na Habtemariamu akamchotea maji na kumletea kuni hadi mlangoni.

Unga hauumuki kwa amri ya mtu. Watu walingoja. Kwanza walinung'unika, kisha bikizee mmoja, Weletesina, akaanzisha wimbo kwa sauti iliyokauka, na wote wakaupokea. Mkate ulipotolewa, wale waliozoea kusukumana wakaanguka kifudifudi kwa taadhima, na wengi wakalia.

Habtemariamu hakushiriki, maana alikuwa amefungua saumu. Weletesina akamfuata alikosimama, nyuma ya wote.

"Mwanangu," akasema, "maisha yangu yote nimeupokea mkate huu kama mtu achukuaye chake. Leo nimengojeshwa, ndipo nikaona kwamba napewa."

Wazee hawakutengua neno lao, na Habtemariamu hakuomba walitengue. Alileta kuni hadi uzeeni, akaziweka kizingitini, akapiga magoti hapo hapo, akamsifu Mungu.

Wapendwa, sisi tunaingia hadi ndani kila Jumapili, na macho yetu yako kwenye saa. Mola atustaajabishe upya, hata kama ni kwa kutungojesha.