Foleni ya Fisi

Siku ile walikuwepo Fisi, diwani wa Kata ya Mchongoma. Punda, aliyegombea kumng'oa. Simba, msimamizi wa uchaguzi. Sungura, asiye na cheo chochote ila mdomo. Mzee Kobe na kibuyu chake. Mama Kanga na vifaranga wake saba. Na wakazi wengine arobaini, kila mmoja na ndoo yake.

Walikuja na ndoo kwa sababu mvua ilikuwa imelikimbia Jiji la Nyikani tangu mwaka uliopita, na bomba pekee la kata lilikuwa na kufuli. Ufunguo alikuwa nao Fisi. Alifungua alipotaka, na kwa siku tatu hakutaka.

Kata nyingine zote zilikuwa zimeshapiga kura. Chama cha Kucha, kilichotawala jiji miaka nenda rudi, kilipata madiwani kumi. Chama cha Kwato nacho kikapata kumi. Ilibaki Mchongoma, Fisi wa Kucha dhidi ya Punda wa Kwato. Atakayeshinda hapo angeshika ufunguo wa bomba kwa miaka mitano, na chama chake kingeshika jiji.

Sheria ilikuwa nyepesi: kila mpiga kura asimame nyuma ya mgombea wake, na jua likifika utosini Simba ahesabu.

Punda akasimama upande mmoja wa uwanja, peke yake, masikio yamelala. Fisi akaenda kusimama penye bomba. Asubuhi hiyo alilifungua, lakini maji yalitoka membamba kama uzi, ili foleni isiishe mapema. Nayo ikajipanga nyuma yake mpaka ikatoka nje ya uwanja.

“Mnaona ninavyopendwa?” Fisi alicheka. “Hata Mama Kanga yumo!”

“Nimefuata maji, Mheshimiwa.”

“Maji na mimi ni kitu kimoja. Tena wewe ni wa Kucha. Hebu tazama miguu yako.”

“Kucha zangu ni za kuchakura, baba. Si za kunyang'anya.”

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mama Kanga mwenyewe hakucheka. Kifaranga wake wa mwisho alikuwa hajanywa tangu jana, na shingo ilikuwa imeanza kumlegea. Mama akibaki, atahesabiwa kuwa wa Fisi. Akiondoka, atapoteza zamu, na mtoto hatafika jioni.

Punda aliona kutoka kule aliko, akapaza sauti: “Mama Kanga, baki hapo hapo! Mtoto anywe kwanza. Mimi kushindwa hakuniui.”

Mama Kanga akatua ndoo, akamfunika mtoto kwa bawa. Mzee Kobe alikuwa nyuma yake.

“Mpeleke kivulini, mwanangu,” alisema. “Ndoo itakushikia zamu. Nitakuangalizia.”

Sungura alikuwa karibu, akasikia. Sikio moja likasimama, kisha la pili. Akaanza kupita kwenye foleni akimnong'oneza kila mmoja: “Zamu inashikwa na ndoo. Kura inataka miguu.”

Jua likafika utosini. Simba akapanda kichuguu, akatikisa manyoya ya shingo, akangoja mpaka kila jicho limtazame.

“Nahesabu!”

Ndoo zote zikatua kwa mpigo mmoja. Wenyewe wakakata uwanja mbio, wakajipanga nyuma ya Punda. Fisi alipogeuka, alikuta ndoo tupu zinamtazama.

“Wako wapi watu wangu?”

“Wapo, Mheshimiwa,” Sungura alijibu. “Ila wako kwa Punda.”

“Basi hesabuni ndoo! Mtaani kwetu ndoo ikiwa kwenye foleni, mwenyewe yupo. Ndiyo desturi!”

“Kweli kabisa,” Sungura akamwinamia Simba. “Anza, mkuu. Ya kwanza hiyo haina mkono. Ya pili imetoboka.”

Simba alikuwa wa Kucha tangu kuzaliwa, na moyoni alimtaka Fisi. Lakini kila mtu alikuwa anamtazama.

“Mimi?” alinguruma. “Mimi Simba nihesabu ndoo? Tena zilizotoboka? Nyuma ya Fisi sioni mtu!”

Akahesabu wa Punda. Kobe alikuwa bado katikati ya uwanja. Simba akamtazama kitambo, akapiga mwayo.

“Huyu naye mtieni. Tukimngoja, uchaguzi ujao utatukuta hapa.”

Fisi akautoa ufunguo. Punda akafungua bomba mpaka mwisho, akasema vifaranga watangulie. Yule mdogo akanywa, akapiga chafya, akanywa tena. Kobe aliporudi, kibuyu chake kilikuwa kimesogezwa mbele kabisa, na hakuna aliyesema ni nani aliyekisogeza.

Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Wiki iliyofuata madiwani wa Kwato walichukua baraza la jiji, na Fisi akawa anapanga foleni kama wengine.